Buluu ya Bibi Haipatikani Nakawa

Majuzi nimefukuzwa dukani. Sisemi niliombwa kwa heshima nitoke. Nimefukuzwa. Mwenye duka, mwanamume wa makamo anayeuza sabuni na mabeseni pale Nakawa, Kampala, alizunguka kaunta, akanitundikia begi langu begani kwa mkono wake mwenyewe, akanionyesha mlango. Kosa langu lilikuwa ndimu.

Niliomba pakiti ya buluu ya kufulia, nikalipa, nikaifungua palepale juu ya kaunta yake. Nikamimina kidogo kwenye kifuniko cha chupa, nikakamulia ndimu niliyotoka nayo nyumbani, nikasubiri. Yule bwana alikuwa anakula andazi na chai, ananitazama tu. Baada ya muda rangi ikaanza kufifia, ikawa kijivu, na harufu ya yai viza ikapanda polepole mpaka ikalifikia andazi lake.

"Nyabo, wewe unafanya nini na duka yangu? Umeleta uchawi kwa biashala?"

"Siyo uchawi, ssebo. Hii buluu siyo yenyewe."

"Siyo yenyewe namna gani? Si ni buluu? Si unaona ni buluu?"

"Ilikuwa buluu. Sasa ni kijivu."

"Banange! Toka na ndimu yako!"

Nikatoka. Nilikwisha kufanya vituko hivyo katika maduka mengine ya Nakawa, na ya mjini, na ya Kisugu nilikozaliwa, na kila mahali ni harufu ileile ya yai viza. Usinicheke, rafiki yangu. Najua mwanamke wa umri wangu mwenye wajukuu hatakiwi kuonekana sokoni akikamua ndimu kwenye bidhaa za watu. Lakini natafuta buluu moja tu, ile aliyotumia bibi yangu, na naitafuta kwa sababu ya macho ya baba yangu.

Baba anaishi Kyebando na shangazi yangu, dada yake. Alikuwa dereva wa malori, amekula barabara ya Mombasa na Kampala ujana wake wote. Sasa macho yake yanazima. Daktari hakutupaka mafuta kwa mgongo wa chupa: ni presha ya macho, kilichopotea hakirudi, na kilichobaki kinapungua. Baba anasema anaona dunia kama anayechungulia kwenye tundu la kitasa. Siku tuliyotoka hospitali alikaa sebuleni mpaka chai yake ikafanya utando, kisha akaniuliza, bila kunigeukia, "Mama, ile bustani yako ya chumvi. Sikuiona hata mara moja, siyo?"

Baba ananiita mama tangu utotoni, kama wanavyofanya baba wengi kwetu.

"Hukuiona, Baba."

"Basi nionyeshe kabla macho hayajazima."

Sikujua kama anaikumbuka. Mimi nilidhani nimeisahau.

Sisi ni Waswahili wa Kampala. Wazee wa bibi walikuja na biashara kutoka pwani, wakaoa, wakazika, wakabaki. Nyumbani kwetu Kisugu Kiswahili kilisemwa jikoni na Kiganda kilisemwa barabarani, na vikikutana mlangoni vilichanganyika tu. Bibi, mzaa baba, alikuwa mfuaji wa kanzu. Siyo kanzu za nyumbani peke yake. Waislamu walimletea za Ijumaa, na Wakristo walimletea za kwanjula, maana hapa kwetu mwanamume yeyote anayekwenda kumposa binti wa watu lazima avae kanzu, awe anasali Ijumaa au Jumapili. Alhamisi kamba zetu zilijaa kanzu za swala na kanzu za ukwe zikipepea pamoja, na upepo haukuuliza nani ni wa dini gani.

Siku hiyo ilianza na harufu. Uji wa wanga wa muhogo ukichemka kwa ajili ya kukazia kola, mkaa ukishika moto kwenye pasi, na kando yake chungu cha katogo, mseto wa ndizi na maharage, kwa chakula cha asubuhi, kwa sababu Bibi alisema mwenye njaa hasuuzi vizuri. Halafu sauti ya kanzu mbichi ikipigwa juu ya jiwe. Na halafu, mateso yangu.

Mateso yangu yalikuwa neno moja: bado. Bibi akimaliza kufua na sabuni ya mche, alisuuza. Akisuuza, alichovya kidole kwenye maji ya mwisho, akakiweka ulimini, akafumba macho kama anayeonja mchuzi. Akisema "imekwisha," tulisonga mbele. Akisema "bado," maji yote yalimwagwa na mimi nilichukua dumu langu nikateremka chemchemini tena. Karibu kila mara alisema bado. Nilipanda ile njia ya utelezi na dumu kichwani, maji yakinitiririkia shingoni, nikilaani ulimi wa bibi yangu moyoni mwangu. Maji yalikuwa meupe pe! Mimi niliyaona. Yeye hakutaka kuyaona, alitaka kuyaonja.

"Jicho linadanganywa upesi," aliniambia. "Ulimi una ukaidi."

Sababu yake tuliijua mtaa mzima, kwa sababu kulikuwa na jirani aliyekuwa na haraka. Alikuwa na kwanjula Jumamosi, akaona Bibi anamchelewesha, akachukua kanzu yake ikiwa bado na sabuni, akaisuuza kijuujuu kwake, akaitia buluu mwenyewe, akaipiga pasi. Ilipopata moto, madoa ya kahawia yakachomoza kifuani na mgongoni, kutu tupu. Alikwenda ukweni akionekana kama mtu aliyelala juu ya geti bovu. Mke alipewa, lakini mpaka leo shemeji zake wanamwita kwa jina la yale madoa.

Basi maji yakikubalika ulimini, ndipo buluu ilipotoka. Ilikuwa unga uliofungwa ndani ya kitambaa, kifundo kidogo chenye uzi mwekundu shingoni. Bibi aliushika ule uzi, akakitumbukiza kifundo kwenye beseni na kukizungusha. Moshi wa rangi ya usiku ulitoka ndani ya kitambaa, ukajikunja, ukasambaa, na beseni zima likawa na rangi ya mbingu baada ya mvua. Kanzu ziliingia zikiwa na umanjano wa uzee na jasho, zikatoka nyeupe. Shingo alizishika nje ya maji, ule urembo wa nyuzi nyekundu usije ukachuja. Nilitazama kila Alhamisi na kila Alhamisi sikuelewa: vipi kitu cha buluu kinaifanya nguo iwe nyeupe?

"Haisafishi kitu hiyo," Bibi alisema. "Inadanganya jicho tu. Kwa hiyo kwanza safisha kweli, halafu ndiyo udanganye."

Maji ya buluu hayakumwagwa. Kama kulikuwa na leso mpya, Bibi alitia chumvi nyingi humo, akailoweka ili rangi zake zikamate. Chumvi yenyewe ilikuwa chumvi ya mawe aliyoileta Baba kutoka pwani kwa gunia, kwa sababu Bibi alidai chumvi ya dukani haina adabu mdomoni. Leso ikitoka, mabaki yalikuwa yangu. Nilikuwa na jiko langu la kuchezea nyuma ya jiko la kweli, na sahani ya bati iliyobanduka rangi, na ndani yake nilipanga vipande vya mkaa nikijidai napika nyama. Siku moja niliimwagia ile nyama mchuzi wa buluu na chumvi, nikaenda zangu madrasa, nikasahau.

Niliporudi kuitazama, baada ya siku mbili hivi za jua, mkaa ulikuwa umechanua. Sijui nikuambieje. Juu ya kila kipande palikuwa pameota vitawi vyeupe, vyembamba kuliko uzi, vimepandana tawi juu ya tawi, na kwenye ncha zake buluu kidogo kama mtu aliyepita na brashi. Ukipuliza, vilitetemeka. Vilikuwa vimetambaa mpaka ukingoni mwa sahani na kuanza kuteremka nje. Nilipiga kelele mpaka Bibi akaja mbio na mwiko mkononi akidhani nimeumwa na nyoka. Akainama, akatazama kwa muda mrefu.

"Subhanallah," akasema. "Chumvi imefanya maua."

Tangu siku hiyo nikawa mkulima. Na neno la kwanza la mkulima yeyote duniani, hili sikufundishwa na mtu, ni "Baba akija ataona."

Hapo ndipo hasira zangu zilipoanzia, na naomba unielewe. Bustani ile haikungojea mtu. Haikubebeka, maana ukiitikisa tu inamwagika. Haikugusika, maana ukiigusa inakuwa unga. Na ratiba ya Baba ilikuwa mikononi mwa mizani, mipaka, matope na mabosi. Nilipanda bustani nikiambiwa anakuja, akakwama mpakani Malaba. Nikapanda nyingine, kuku wa jirani akaingia ndani yake akala maua yote, akanywa maji siku nzima kwa ile chumvi. Nyingine ilikuta msimu wa mvua, na hewa ya Kampala ikiwa na maji chumvi haitaki kuchanua, inalia tu. Nyingine Shangazi, aliyekuwa msichana mkubwa mwenye bidii ya usafi kupita kiasi, aliiona ni takataka. Aliisugua ile sahani ikang'aa, akanikabidhi akisubiri asante.

Baba alipofika nilimweleza kwa mikono. Alinisikiliza, namshukuru kwa hilo, akanipa embe bivu au kipande cha halua kilicholegezwa na joto la lori. Halafu alisema neno lake. Bibi alikuwa na bado, na Baba alikuwa na safari ijayo.

"Safari ijayo nitaiona, mama."

Ikaja ile bustani kubwa. Nilikuwa nimejifunza mengi: mkaa wa vipande vidogo, chumvi mpaka isikubali tena kuyeyuka, kivuli asubuhi na jua mchana, na kuongeza maji pembeni kidogokidogo bila kuyagusa maua. Nililifunika eneo lote na tenga dhidi ya kuku. Shangazi nilimwapisha. Na Baba akaja! Alikuja mchana wa jua kali, bustani imesimama, haijawahi kuwa nzuri vile. Akaketi sebuleni, akaletewa pilau, na mimi nikasimama mlangoni nikiruka kwa mguu mmoja. Njoo nyuma, Baba. Ngoja nimeze, mama. Njoo sasa. Nakuja. Alinawa mikono. Alisimama. Na huko barabarani, utingo wake akapiga honi.

Unazijua honi za malori yale. Akapiga tena, ndefu. Mzigo ulikuwa unangojwa, au polisi walikuwa wanakataza kuegesha pale, sikumbuki na sikutaka kujua. Baba alinishika kichwa, akasema neno lake, akatoka kwa mlango wa mbele. Bustani ilikuwa nyuma ya jiko, umbali wa kusikia mtu akikohoa. Angegeuka tu. Jioni mvua ikanyesha, ikapita katikati ya tenga, na asubuhi nilikuta sahani ya maji machafu na mkaa.

Sikulia. Nilikasirika, na ni vitu viwili tofauti. Niliirudisha sahani kwa Bibi nikamwambia sitaki tena. Bibi aliniwekea chai ya tangawizi na mandazi mawili ya moto, na hakusema msemo wowote. Labda aliona hata yeye kwamba siku ile misemo haikutosha.

Nilipofika sekondari, mwalimu wa kemia alitufundisha chumvi. Alisema inapokauka hujijenga kuwa vijiboksi, ndivyo ilivyo tabia yake. Nilinyoosha mkono nikasema hapana, inajenga matawi, nimeona. Darasa lilinicheka. Mwalimu hakucheka. Aliniuliza nimeona wapi, nikamsimulia. Wiki iliyofuata alileta pakiti mbili za buluu ya kufulia, moja kutoka duka letu la Kisugu, nyingine ya duka la mjini.

Zilifanana kama mapacha. Kwenye kila moja alidondosha maji ya magadi makali, na ile ya Kisugu ikageuka kahawia mbele ya macho yetu. Ile ya mjini haikushtuka. Halafu akadondosha asidi kidogo. Ya mjini ikapauka ikanuka yai viza, darasa zima likakimbilia madirishani. Ya Kisugu ikakaa tu na buluu yake.

"Moja inaogopa magadi, nyingine inaogopa ndimu," alituambia. "Jicho haliwezi kuzitofautisha, na nguo zote mbili zitakuwa nyeupe."

Buluu ya Kisugu, alieleza, ilikuwa na chuma ndani yake. Sabuni ina ukali wa magadi, ndiyo maana nguo isiyosuuzwa ilikivunja nguvu kile chuma, kikabaki kuwa kutu. Nikamfikiria jirani yetu na shemeji zake. Na hiyo buluu ya chuma, akaendelea, ndiyo inayoisumbua chumvi. Maji yanapanda ndani ya vitundu vya mkaa, yanafika juu, yanakauka, yanaiacha chumvi. Chumvi inataka kujenga boksi lake, lakini hii buluu inakaa ukutani na kuizuia, nayo inachipua pembeni inapopata nafasi, inazuiwa, inachipua tena. Maua yangu yalikuwa chumvi iliyokatazwa kujenga nyumba. Ile buluu nyingine haina ukorofi huo. Ukiitia, utapata vijiboksi.

Nilirudi nyumbani mbio kumweleza Bibi. Alisikiliza akikunja kanzu. "Kwa hiyo bado ni bado," akasema, akaonja maji.

Bibi amefariki siku nyingi sasa. Duka lililopima ile buluu kwa kijiko na kuifunga kwenye gazeti limekuwa kibanda cha kutuma pesa. Nyumba yetu imepandiwa ghorofa, na pale palipokuwa na kamba za kanzu panaegeshwa magari. Watu wanafua na sabuni za unga zenye kitu cha kung'aza ndani yake, na kanzu za siku hizi zina weupe wa kuchoma macho, weupe unaoonekana kukasirika. Wala siwalaumu. Nani atateremka chemchemini mara tatu kwa ajili ya ulimi wa mtu? Chemchemi yenyewe imebandikwa onyo kwamba maji si salama. Buluu bado inauzwa, lakini ni ile inayoogopa ndimu, kila duka, kila pakiti. Ndiyo maana natembea na ndimu.

Baada ya kufukuzwa Nakawa nikakumbuka jambo lililonifanya nisimame katikati ya barabara, boda akanitukana. Sanduku la bati la Bibi! Lilikwenda Kyebando na Shangazi. Na ndani ya sanduku, pamoja na kanzu ya babu, nilikiona kwa macho yangu siku ya arobaini kile kifundo, uzi mwekundu shingoni, kimekauka lakini kimejaa. Kingetosha bustani moja. Sikuhitaji mbili.

Nilipanda boda mpaka Kyebando. Baba alikuwa amelala. Shangazi alinisikiliza, akaenda chumbani, nikasikia kufuli, nikasikia mfuniko. Akarudi na kitambaa kimekunjwa vizuri, kimepigwa pasi. Kitambaa tu. Hakikuwa na kitu ndani, na chenyewe kilikuwa na rangi ya kahawia.

"Shangazi, kulikuwa na buluu humu."

"Ilikuwa inachafua sanduku, mwanangu. Nikamwaga, nikafua kitambaa. Nimefua na sabuni mzuri kabisa, nikaloweka usiku mzima, lakini angalia, imekuwa kutu. Sijui kutu ilitoka wapi."

Nilijua ilitoka wapi. Nilikishika kile kitambaa na nilitaka kupiga kelele. Miaka yote ile kifundo kilikaa salama, mende hawakukila, panya hawakukichukua, na kilichokimaliza ni usafi. Shangazi aliniona uso.

"Sasa wewe unakasirikia mimi? Kitambaa ilikuwa chafu. Kufua imekuwa dhambi?"

"Hapana, Shangazi. Siyo dhambi."

"Basi kunywa chai."

Nikanywa chai. Ungefanya nini?

Nikarudi kwangu nikatengeneza bustani na kilichokuwepo. Mkaa mzuri nilikuwa nao, chumvi ya mawe niliipata, sahani ya bati niliinunua ikanibidi niibandue rangi mwenyewe. Buluu ikawa hii ya sasa, ya yai viza. Nilijua jibu kabla sijaanza, mwalimu alikwisha kuniambia, lakini mtu akiwa na dhiki hubishana hata na kemia. Nikangoja. Ilitoka kama alivyosema: ukoko. Gamba jeupe limeganda juu ya mkaa, vijiboksi vidogo vimebanana, buluu imetuama chini kama tope. Nikabadilisha kiasi nikarudia, nikapata ukoko mnene zaidi. Na huku Shangazi ananipigia simu kwamba leo Baba amemwaga chai, leo amegonga mlango.

Mwishowe nikasema liwalo na liwe. Nikaibeba ile sahani mapajani mpaka Kyebando, na hata hilo liliniudhi, kwamba inabebeka. Ile ya kweli isingevuka hata kizingiti.

Nikamkalisha Baba karibu na dirisha, nikamwekea sahani mbele. Akainama mpaka pua ikakaribia mkaa, akakigeuza kichwa huku na huku akitafuta pembe yenye mwanga.

"Naona kitu nyeupe," akasema.

"Siyo yenyewe, Baba. Buluu yake haipatikani tena. Hii ni ukoko tu."

Akanyoosha kidole. Mkono wangu uliruka kumzuia, mazoea ya zamani, usiguse, itamwagika. Haikumwagika. Akaipapasa, akaibonyeza, kipande kikakatika. Akakiweka ulimini, akafumba macho. Nilimwona Bibi. Sisemi alifanana naye, nasema nilimwona.

"Bado," akasema Baba.

Shangazi alicheka mpaka akakaa chini. Mimi pia nilicheka, halafu kile nilichokuwa nakipeleka sokoni na ndimu zangu kikatoka chenyewe.

"Ilikuwa nyuma ya jiko, Baba. Siku ya pilau. Ilikuwa imesimama yote. Ungegeuka tu."

Vidole vyake vilikuwa vinazunguka ukingo wa sahani kama vinashika usukani.

"Utingo alipiga honi," akasema.

"Najua alipiga."

"Ningemwacha apige." Akameza ile chumvi. "Niambie ilikuwa namna gani. Siyo haraka. Polepole."

Nikamwambia. Nilimweleza matawi, na ncha zake, na jinsi yalivyotetemeka ukipuliza, na jinsi yalivyokuwa yanapanda ukingo wa sahani kutaka kutoka nje. Safari hii sikutumia mikono, maana haingemfaa. Ilibidi nitafute maneno, na mengine sikuyapata, nikasimama, naye akangoja. Nilipomaliza chai ilikuwa imepoa tena.

"Tengeneza ingine, mama," akasema. "Sasa mimi siendi mahali."

Kwa hiyo bado natafuta. Kesho naanza maduka ya upande wa pili wa soko, ndimu iko begini, na kichupa cha magadi pia. Hasira sijaziacha nyumbani, zinanisaidia kutembea. Na wewe rafiki yangu, kama kwenu kuna sanduku la bati la marehemu, lifungue ulitazame. Ukikuta humo kifundo cha kitambaa kimefungwa uzi, rangi ya usiku ikivuja pembeni, nitumie habari haraka. Na tafadhali, nakusihi, usikifue.